Mvinyo wa familia kutoka Provence: namna ya kuutambua, kuununua shambani na kuufikisha nyumbani salama

Ingia duka lolote la mvinyo nchini Ufaransa mwezi wa Juni, utakuta rafu nzima ya chupa za rangi ya waridi kutoka Provence. Karibu kila moja ina mchoro wa jumba, jina la ukoo na neno Château (jumba) au Domaine (shamba). Ukizipitia harakaharaka utadhani zote zimetoka kwa baba na mwanawe wanaolima mizabibu yao wenyewe. Baadhi ni kweli. Nyingine ni za wafanyabiashara walionunua mvinyo kwa jumla wakaupachika jina la kupendeza, na nyingine ni za makampuni makubwa yaliyonunua shamba yakaliachia jina la zamani. Kisheria hakuna kosa, na mvinyo wenyewe unaweza kuwa mzuri. Ila kama unataka pesa yako iende kwa familia inayolima, kukamua na kujaza chupa yenyewe, lazima ujue pa kuangalia.

Mwongozo huu umelenga hasa anayeishi Ulaya au anayepita kusini mwa Ufaransa. Aliyeko Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuruka ziara ya shambani akaenda kwenye lebo, usafiri na utunzaji.

Kwanza ijue ramani

Mizabibu ya Provence imetapakaa kutoka upande wa mto Rhône hadi vilima vya Nice, nyuma ya pwani ya Mediterania. Jua huwaka zaidi ya saa 2,700 kwa mwaka. Halafu kuna mistral, upepo mkavu unaoshuka kutoka kaskazini kwa kasi ya kutisha. Wenyeji huulalamikia, lakini ndio unaokausha majani baada ya mvua na kupunguza ukungu na kuoza kwa zabibu, na ndiyo sababu mojawapo ya wakulima wengi wa huko kuweza kulima bila dawa za viwandani. Mizabibu yenyewe ni ya zamani mno: Wagiriki kutoka Phocaea, walioanzisha Marseille karibu mwaka 600 KK, ndio walioileta.

Kila eneo lina cheti chake, AOC, kinachosema aina gani za zabibu zipandwe, wapi, na hekta moja itoe kiasi gani. Taasisi inayosimamia, INAO, ilianzishwa 1935. Kwa Provence, majina makubwa ni matatu: Côtes de Provence (1977), Coteaux d'Aix-en-Provence (1985) na Coteaux Varois en Provence (1993). Humo, chupa karibu 9 kati ya 10 ni roze, yaani mvinyo wa waridi. Pembeni yake kuna maeneo madogo yenye tabia zake: Cassis (1936), maarufu kwa mvinyo mweupe, Palette (1948), kipande kidogo karibu na Aix, Les Baux-de-Provence (1995), Bellet, ndani ya mji wa Nice, na Bandol (1941).

Kama utaweza kwenda sehemu moja tu, nenda Bandol. Nasema hivyo bila kusita, na hapa nitakaa kidogo.

Bandol ni ngazi za mawe zilizojengwa mlimani zikitazama bahari, kati ya Marseille na Toulon. Wenyeji huziita restanques. Zabibu inayotawala ni Mourvèdre, yenye ganda nene, inayochelewa kuiva na kudai joto jingi. Sehemu nyingi za Ufaransa haiivi sawasawa. Sheria ya Bandol ni kali: mvinyo mwekundu uwe na Mourvèdre isiyopungua asilimia 50, ukae ndani ya mapipa ya mbao miezi 18 angalau, zabibu zivunwe kwa mkono, na hekta isitoe zaidi ya hektolita 40. Piga hesabu: hektolita 40 ni lita 4,000, yaani chupa kama 5,300. Familia yenye hekta 10 haiwezi kuvuka chupa 53,000 kwa mwaka hata mambo yakienda vizuri kabisa, na chupa za mvinyo mwekundu zinakaa ghalani mwaka mmoja na nusu kabla ya kuingiza hata senti. Bei yake ya juu inaanzia hapo.

Cheti hicho kina mkono wa familia. Lucien Peyraud alimuoa Lucie Tempier, aliyejulikana zaidi kama Lulu, mwaka 1936, wakaishi katika shamba la ukoo wa mke, Domaine Tempier. Wakati huo Mourvèdre ilikuwa imekaribia kutoweka, kwa sababu baada ya mdudu filoksera kuangamiza mizabibu ya Ufaransa karne ya 19, wakulima wengi walipanda aina zinazozaa kwa wingi. Peyraud na majirani zake waliirudisha na kupigania cheti cha 1941. Lulu aliishi hadi 2020, akiwa na umri wa miaka 102, na jiko lake lilikuwa na sifa karibu sawa na mvinyo wake. Jirani yao, Château Pradeaux, liko mikononi mwa ukoo wa Portalis tangu 1752; ni ukoo uleule wa mwanasheria aliyeshiriki kuandika sheria za madai za Napoleon.

Hatua ya 1: Soma maandishi madogo

Jina kubwa mbele ya chupa halina msaada. Tafuta mstari mdogo unaoanza na mis en bouteille, unaosema ni nani aliyejaza chupa.

Mis en bouteille au domaine au au château maana yake mvinyo umejazwa palepale shambani. Mis en bouteille à la propriété inakaribiana, lakini vyama vya ushirika navyo huruhusiwa kuitumia. Mis en bouteille dans la région de production haikuhakikishii shamba lolote. Inakuambia tu kwamba kazi ilifanyika ndani ya eneo hilo. Ukikuta herufi EMB zikifuatwa na tarakimu, soma mbili za kwanza: 83 ni mkoa wa Var, 13 ni Bouches-du-Rhône, 06 ni Alpes-Maritimes. Roze ya Provence yenye tarakimu za mkoa wa mbali imejazwa mbali.

Kisha angalia juu ya kifuniko. Chupa nyingi za Ufaransa zina muhuri wa kodi wenye kichwa cha Marianne, mwanamke anayewakilisha Jamhuri ya Ufaransa, na pembeni yake kuna herufi moja. R ni récoltant, mvunaji mwenyewe. N ni négociant, mfanyabiashara. E ni mwenye ghala lililoidhinishwa. Tangu 2019 muhuri huo si wa lazima, kwa hiyo usipouona usihukumu. Ukiuona na ni R, una ushahidi mzuri.

Alama nyingine ya kutafuta ni ya chama cha Vigneron Indépendant: mchoro wa mtu amebeba pipa begani. Wanachama wake hulima mizabibu yao, hutengeneza mvinyo na kujaza chupa wenyewe. Jani la kijani la Umoja wa Ulaya na herufi AB ni za kilimo hai. HVE ni cheti cha mazingira chenye masharti mepesi zaidi, usikichanganye na kilimo hai.

Kuhusu umiliki, jina la ukoo halitoshi. Domaines Ott, lililoanzishwa 1896, limekuwa chini ya Louis Roederer, kampuni ya Champagne, tangu 2004. Familia ya Matton wa Château Minuty iliuza hisa nyingi kwa kampuni kubwa ya vileo, Moët Hennessy, 2023. Mvinyo wao haukuharibika siku saini zilipowekwa, ila ukisema "nanunua kwa familia ndogo" ujue unasema nini.

Usiwadharau pia wanaushirika. Familia nyingi za Provence zina hekta chache tu na hazina uwezo wa kununua mashinikizo na matangi. Zabibu zao huenda chamani, na chama kizuri hukupa roze safi kwa bei ambayo shamba binafsi haliwezi.

Na usiogope chupa isiyo na AOC. Domaine de Trévallon, karibu na Les Baux, hutengeneza mvinyo wake mwekundu kwa zabibu za Cabernet Sauvignon na Syrah nusu kwa nusu. Sheria ya eneo ilipobana Cabernet, Eloi Dürrbach alikataa kung'oa mizabibu yake, akakubali kushushwa daraja. Leo lebo inasema IGP Alpilles, daraja la chini kwenye karatasi, na bei yake inazipita AOC nyingi za jirani. Dürrbach alifariki 2021 na wanawe wameendelea na kazi.

Hatua ya 2: Usinunue rangi

Kuna imani iliyoenea kwamba roze ikiwa nyeupe zaidi ndiyo bora zaidi. Si kweli, na imani hiyo imewaumiza wakulima wenye mvinyo wa rangi iliyokolea.

Roze ya Provence haichanganywi kutokana na mwekundu na mweupe. Zabibu nyeusi, kwa kawaida Grenache, Cinsault na Syrah, huvunwa usiku au alfajiri kabla joto halijaanza. Zikifika hukamuliwa mara moja au huachwa saa chache maji yake yakiwa yamegusana na maganda. Rangi yote inatoka kwenye maganda. Mguso mfupi, rangi hafifu. Mguso mrefu, rangi nzito na mara nyingi ladha nzito. Kituo cha utafiti wa roze kilichoko Vidauban kimepanga rangi hizo kwa majina ya matunda: pichi, tikiti, balungi, chenza, groseille (tunda dogo jekundu la Ulaya), na embe. Naam, embe. Roze ya Bandol yenye Mourvèdre ya kutosha mara nyingi huelekea kwenye embe na chenza, na ni chupa inayoweza kusimama mbele ya samaki wa kupaka bila kumezwa na nazi na pilipili. Ile nyeupe kama maji itapotea.

Ukiwa dukani, angalia kitu kingine ambacho watu husahau. Chupa za roze ni za kioo cheupe ili rangi ionekane, na mwanga huharibu mvinyo ndani yake. Hutoa harufu ya kabichi iliyochemshwa au sufi iliyoloa. Usichukue iliyowekwa dirishani au ile ya mbele kabisa chini ya taa. Nyoosha mkono, chukua ya nyuma.

Mwaka nao una maana. Aliyezoea divai ya Dodoma anajua mizabibu inayoweza kuvunwa mara 2 kwa mwaka. Provence wanavuna mara 1, kati ya Agosti na mwanzoni mwa Oktoba, basi. Roze ya kawaida inunue ya mavuno ya mwisho au ya mwaka mmoja nyuma. Ya Bandol inavumilia zaidi.

Hatua ya 3: Nenda shambani kwa adabu

Andika au piga simu siku kadhaa kabla. Shamba la familia halina mapokezi; anayekufungulia mlango ndiye aliyekuwa juu ya trekta asubuhi. Epuka wiki za mavuno. Vilevile epuka saa 6 hadi saa 8 mchana, watu wako mezani. Mei, Juni na Oktoba mwishoni ni nyakati nzuri.

Ukifika, sema Bonjour kabla ya neno jingine lolote, hata kabla ya kutabasamu. Bonjour ndiyo hodi yao. Anayeanza moja kwa moja na swali la bei huonekana hana malezi. Mtu mzima mwite Madame au Monsieur na tumia vous, yaani "wewe" ya heshima.

Panga dereva mapema. Ufaransa kikomo ni gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu, na kwa mwenye leseni mpya ni 0.2, kiasi ambacho glasi moja tu inaweza kukivuka. Umri wa kununua ni miaka 18. Kama msafara una wasiokunywa, wala wasijisikie wageni: mashamba mengi huuza mafuta ya zeituni ya miti yao, na baadhi juisi ya zabibu, na mafuta hayo yanastahili safari peke yake.

Usiyeweza kufika kusini, familia hizo hukufuata. Vigneron Indépendant huandaa maonyesho ya kila mwaka katika miji kadhaa, kubwa likiwa la Paris kule Porte de Versailles mwishoni mwa Novemba. Unaingia na glasi yako, unakuta mkulima mwenyewe nyuma ya meza, unanunua papo hapo. Beba kigari cha kukokota.

Hatua ya 4: Onja kama mnunuzi

Utaratibu wa kawaida ni mweupe, roze, kisha mwekundu, mchanga kabla ya mkongwe. Kutema kwenye ndoo si utovu wa adabu; ni dalili kwamba umekuja kwa kazi. Usipake manukato siku hiyo, yataziba pua yako na za wenzako.

Nusa kabla ya kutikisa glasi, kisha itikise na unuse tena. Harufu ya gazeti lililolowa au stoo yenye unyevu maana yake kizibo kimeuharibu. Sema, watakufungulia nyingine. Mdomoni tafuta vitu viwili: uchachu unaofanya mate yatoke, na ladha inayobaki baada ya kumeza. Roze nyingi hupendeza sekunde mbili, halafu hakuna kitu. Hizo waachie wengine.

Mourvèdre changa huwashangaza wengi. Inakausha ufizi kama chai iliyokolea kupita kiasi, na harufu yake ina ngozi, pilipili manga na nyama. Haina kasoro, bado haijafika wakati wake. Muulize mkulima: "Huu niufungue mwaka gani?" Anayeujua mvinyo wake hukupa mwaka, na akipenda atakufungulia mkongwe uone unakokwenda. Uliza pia kama zabibu zote ni zao au nyingine wamenunua, na kama chupa hujazwa hapohapo. Mashamba madogo mengine hukodi lori lenye mtambo wa kujazia linalozunguka shamba kwa shamba. Ni jambo la kawaida, na bado huhesabiwa kuwa kujaza shambani.

Mashamba mengi madogo hayatozi kwa kuonja. Ukionja bila kutozwa, ondoka na chupa 2 au 3 hata kama hukupagawa.

Hatua ya 5: Bei na kiasi

Mlangoni mwa shamba, roze nzuri ya Côtes de Provence kwa kawaida huwa kati ya euro 8 na 15. Roze ya Bandol hupanda hadi 20 au zaidi, na mwekundu wake huanzia hapo kwenda juu. Kwa sherehe ya watu wengi uliza boksi, wao huliita bib. Ni mfuko uliofungwa ndani ya katoni, wa lita 3, 5 au 10, wenye bomba lake. Mvinyo ni wa shamba lilelile, lita ni nafuu zaidi, na ukishafunguliwa hudumu wiki kadhaa kwa sababu hewa haiingii. Ila usiufungie mwaka. Boksi halihifadhi kama chupa.

Hatua ya 6: Usafiri

Joto ndilo adui. Gari lililoegeshwa juani Agosti huwa tanuri, na mvinyo uliochemka hausameheki: kizibo husukumwa juu, mvinyo huvuja, ladha hugeuka kama jamu. Fanya shamba liwe kituo cha mwisho cha siku, weka katoni ndani ya gari penye ubaridi, na usiku ipandishe chumbani.

Kwa ndege, mvinyo wa kilevi kisichozidi asilimia 24 unaruhusiwa kwenye begi la mizigo. Kinachokubana ni uzito. Chupa 6 ni karibu kilo 8. Vingirisha kila moja kwenye nguo, weka katikati ya begi, kisha funga yote kwenye mfuko wa plastiki. Ndani ya Umoja wa Ulaya, kiasi kinachochukuliwa kuwa cha matumizi binafsi ni hadi lita 90. Anayeingia Uingereza ana lita 18 za mvinyo wa kawaida bila ushuru. Anayerudi Kenya, Tanzania au Uganda, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inampa lita 2, maana yake chupa mbili na kidogo. Zinazozidi zitangaze.

Hatua ya 7: Kutunza na kufungua

Chupa yenye kizibo cha gome ilaze, gizani, mbali na jiko. Nyuzi 12 hadi 14 ndizo bora. Dar es Salaam au Mombasa bila kabati la baridi, usijidanganye kuweka Bandol miaka 10. Ukae nao miezi michache, ndani ya friji ikibidi, uunywe.

Roze na mweupe vinywewe kwenye nyuzi 8 hadi 12, roze ya Bandol ikiegemea juu. Barafu ndani ya glasi utaiona hata huko Provence, siwezi kuwakataza watu. Mwekundu huambiwa unywewe kwa "joto la chumba," lakini chumba kilichokusudiwa ni cha nyumba ya mawe ya Ulaya ya zamani, nyuzi 16 au 17. Kwenye pwani yetu chumba kina 30. Uweke friji dakika 40 kabla ya wageni.

Bandol mwekundu ulio chini ya miaka 8 ufungue muda wa saa 2 kabla ya chakula na uumimine kwenye jagi ili upate hewa. Huo ni wa nyama choma ya mbuzi au kondoo, yenye mafuta yake. Ulio mkongwe fanya kinyume: usimamishe chupa tangu jana yake ili mashapo yatulie, ufungue wakati wa kukaa mezani, umimine polepole na uache kidole kimoja cha mwisho ndani ya chupa. Roze iliyobaki izibe na irudishe friji, itakaa siku 2 au 3. Mwekundu mchanga uliobaki usiumwage, kwa kuwa Mourvèdre mara nyingi huwa laini zaidi kesho yake.